Sotoka na mwingiliano wa viumbe wa Serengeti

Ikolojia ni taaluma inayochunguza uhusiano wa viumbe hai wao kwa wao na mazingira yao. Kwa kawaida uhusiano huo hufafanuliwa kwa jozi: simba humla nyumbu, nyumbu hula nyasi, kupe humnyonya nyati. Ufafanuzi huo ni sahihi ila haufiki mbali, kwa kuwa athari kubwa ya kiumbe mara nyingi huwaangukia viumbe ambao hakuwahi kukutana nao. Serengeti inalithibitisha hilo, na kiumbe chenyewe ni virusi vya sotoka.

Sotoka, ugonjwa wa wanyama wanaocheua, iliingia Afrika ya Mashariki karibu na mwaka 1890. Ng'ombe walikufa kwa wingi mno, njaa ikawaua Wamaasai wengi, na nyati na nyumbu nao wakateketea. Kwa miongo kadhaa iliyofuata, virusi viliendelea kuwaua ndama wa nyumbu. Kisha ng'ombe wa maeneo jirani wakachanjwa, na kufikia 1963 hivi maambukizi ya nyumbu yalikuwa yamekoma, ingawa nyumbu wenyewe hawakuchanjwa. Chanzo, basi, kilikuwa zizini. Nyumbu wapatao 250,000 wa mwanzoni mwa miaka ya 1960 walizidi milioni moja kabla ya muongo uliofuata kwisha. Waliyala majani ambayo zamani yalibaki yakakauka, moto wa kiangazi ukakosa cha kuchoma, na miche ya migunga iliyokuwa ikiungua kila mara ikapata kukua. Hivyo sindano aliyodungwa ng'ombe iliongeza miti mbugani.

Wapo wanaoweza kusema kwamba mvua ndiyo iliyowaongeza nyumbu, na ni kweli kwamba mvua za kiangazi ziliongezeka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Lakini nyumbu walianza kuongezeka kabla ya hapo. Tena punda milia, ambaye hula nyasi zilezile na kunyeshewa na mvua ileile, hakuongezeka hivyo. Punda milia hacheui, na sotoka haikumdhuru; nyati, anayecheua, aliongezeka. Nafasi halisi ya mvua ilikuja baadaye: ugonjwa ulipoondoka, kikomo cha idadi ya nyumbu kikawa chakula cha kiangazi, na chakula hicho hutegemea mvua.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, kwani tembo huvunja na kung'oa miti, na idadi yao nayo imebadilika sana. Uchambuzi wa Ricardo Holdo na wenzake, uliochapishwa 2009, uliwapima tembo, mvua, kaboni dioksidi na moto kwa pamoja, na moto ndio uliotoa maelezo yenye nguvu zaidi ya kurudi kwa miti. Na moto huo ulipunguzwa na nyumbu walioongezeka baada ya ng'ombe kuchanjwa. Kwa hiyo mpaka wa hifadhi haupaswi kuchukuliwa kuwa mpaka wa mfumo ikolojia: ng'ombe wa vijiji vya jirani ni sehemu ya Serengeti sawa na simba.