Baunsa wa Lapi Yako: Secure Boot Ni Nini, na Mahaka Humpita Aje?

Ukiwasha lapi kuna sekunde kadhaa kabla Windows itokee. Wewe hapo unacheki simu. Kwa haka, hizo ndizo sekunde tamu kuliko zote, ju antivirus bado imelala. Msee akiingia saa hiyo, amefika kazini kabla ya mlinzi. Na akijificha ndani kabisa, kwa chip ya motherboard, unaweza kufuta Windows, uiweke upya, na bado umkute hapo.

Ndiyo maana kuna Secure Boot. Cheki vile inafanya kazi, pale imewahi kuchezwa, na kile unafaa kufanya na mashine yako.

Lapi huamka aje?

Ni hatua tatu. Ya kwanza ni famuwea, programu inayokaa kwa chip ya motherboard. Mashine za kitambo zilitumia BIOS, za siku hizi ni UEFI, ingawa watu bado huita zote BIOS. Hii huamsha memori, kibodi na diski.

Ya pili ni butiloda. Ni programu ndogo yenye kazi moja: kutafuta Windows au Linux kwa diski na kuiwasha. Windows ina yake, na Linux nyingi hutumia inayoitwa GRUB.

Ya tatu ni Windows yenyewe. Hapo sasa antivirus inaanza kazi.

Secure Boot ilianza kuenea kwa kompyuta za Windows 8 mwaka wa 2012. Ichukulie kama baunsa wa klabu mwenye orodha mbili. Ya kwanza ina sahihi za watu wanaoaminika, kama Microsoft. Ya pili ina waliopigwa marufuku. Butiloda ikija bila sahihi inayotambulika, haiingii. Ikiwa kwa orodha ya marufuku, haiingii hata kama sahihi yake ni halali.

Noma iko hapa: sahihi inakwambia programu imetoka kwa nani. Haikwambii kama iko salama.

Mara nne baunsa alichezwa

*BootHole, 2020.* Kampuni ya Eclypsium ilipata kasoro kwa GRUB. Butiloda hiyo husoma faili ya mipangilio, lakini ikipewa maandishi marefu kupita kiasi, memori inafurika na haka anapata mlango wa kuingiza amri zake. Kumbuka GRUB ilikuwa na sahihi halali. Baunsa alikuwa anaifungulia mlango na heshima zote.

*BlackLotus, 2022 hadi 2023.* Hii ilikuwa biashara kabisa. Kuanzia Oktoba 2022 iliuzwa kwa soko za mahaka kwa dola 5,000, kama laki sita za Kenya wakati huo. Machi 2023, watafiti wa ESET walithibitisha inapita Secure Boot hata kwa Windows 11 iliyo na apdeti zote. Ikishaingia, ilizima BitLocker na Defender.

Na si eti kasoro ilikuwa mpya. Microsoft ilikuwa imeirekebisha Januari 2022. Lakini butiloda za zamani, zenye kasoro, hazikuwa zimewekwa kwa orodha ya marufuku. Haka alikuja nayo mwenyewe, akaiweka kwa mashine, na baunsa akaona sahihi ya Microsoft. Pita.

*LogoFAIL, Desemba 2023.* Ile logo ya kampuni unayoona ukiwasha mashine ni picha, na lazima famuwea iisome. Watafiti wa Binarly walionyesha kwamba ukibadilisha hiyo picha na nyingine iliyotengenezwa kwa ujanja, unaweza kuendesha amri zako kabla Secure Boot ifanye chochote.

*PKfail, Julai 2024.* Hii inachekesha na kuuma. Kampuni ya AMI, inayotengenezea wengine famuwea, ilikuwa na ufunguo wa majaribio ulioandikwa wazi usiaminiwe. Watengenezaji kadhaa wakauacha ndani ya mashine na kuziuza hivyo, mamia ya modeli. Na ufunguo mmoja wa aina hiyo ulikuwa umevuja mtandaoni mwaka wa 2022, umefungwa na nywila ya herufi nne tu.

Si wapige marufuku butiloda zote mbovu?

Ingekuwa rahisi, wangefanya hivyo kitambo. Kwanza, nafasi ya kuweka orodha ya marufuku ni ndogo. Pili, ukiblock butiloda ambayo mtu bado anatumia, mashine yake haiwaki. Agosti 2024, apdeti moja ya Microsoft ilifungia nje watu wengi waliokuwa na Windows na Linux kwa mashine moja. Kwa hivyo kampuni huenda polepole, na huo upole ndio BlackLotus ilitumia.

Sasa wewe ufanye nini?

*Cheki kama baunsa yuko kazini.* Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, halafu tafuta "Secure Boot State". Inafaa kusema On.

*Weka apdeti za Windows na za famuwea.* Za famuwea chukua kwa tovuti ya kampuni iliyotengeneza lapi, modeli yako haswa, chaja ikiwa imechomekwa. Kama unatumia BitLocker, hifadhi ufunguo wake wa kurejesha kwanza, la sivyo unaweza kujifungia nje.

*Usichelewe.* Vyeti vya Secure Boot vya mwaka wa 2011 vimepangiwa kuisha kuanzia Juni 2026, na vya 2023 vinachukua nafasi. Mashine isiyopata vipya itaendelea kuwaka, lakini haitapata kinga mpya za hiyo hatua.

*Usizime Secure Boot ndiyo uweke programu ya kuiba.* BlackLotus ilihitaji ruhusa ya administrator, na wewe ndiye humpa haka hiyo ruhusa ukikubali kila crack. Kama wewe ni gamer, jua Valorant kwa Windows 11 na Battlefield 6 hazichezeki ikiwa imezimwa.

*Ukinunua ex-UK, kagua kabla utoe doo.* Ingia kwa BIOS. Ikiitisha nywila ambayo muuzaji hana, achana nayo, hutaweza kubadilisha chochote. Halafu cheki kwa tovuti ya mtengenezaji kama hiyo modeli bado inatolewa apdeti. Lapi inaweza kuwa safi kwa nje, RAM imejaa, bei imeshuka, na baunsa wake alistaafu miaka tano iliyopita.