Mpira wa vinyoya: mchezo wa nani huu?

Wadau, juzi pale Ngamiani tumefunga kamba barabarani, tunacheza mpira wa vinyoya kwa raketi mbili za kuazima. Akapita kaka mmoja, akacheka: "Acheni mchezo wa Wahindi nyie!" Mdogo wangu akaweka raketi chini na hataki tena kuishika. Imeniuma, ndo maana naandika.

Kupiga kinyoya kisidondoke ni mambo ya kale. China walikipiga kwa mguu, Ulaya watoto walikipiga kwa vibao, bila wavu. Kilichogeuza mambo ni maofisa wa jeshi la Uingereza waliokuwa India. Miaka ya 1860 na 1870, kwenye kambi ya Pune, walicheza kwa wavu na wakaanza kuandika sheria. Kuna wakati mchezo wenyewe uliitwa Poona, yaani jina la mji huo enzi hizo. Na Badminton siyo jina la mtu kama wengi wanavyodhani, ni jumba la Duke wa Beaufort kule Gloucestershire, Uingereza.

Sasa watu wa Tanga sikilizeni hapa. Kinyoya kina manyoya 16 na uzito wa gramu 5 hivi, kwa hiyo upepo ukivuma kinakwenda kinakotaka chenyewe. Anayecheza nje wakati wa kusi anajua adha yake! Kumbe kule India walishakutana na shida hiyo hiyo. Thanjavur, kusini mwa India, tangu miaka ya 1850 walikuwa wakipiga mpira wa sufu, na hata kina Pune siku za upepo au mvua walitumia sufu. Mchezo huo wa sufu unachezwa India mpaka leo.

Uingereza walianzisha chama chao 1893, mashindano ya All England yakafuata 1899. Shirikisho la dunia likaundwa 1934 na nchi 9. India haimo! Sheria zilianzia kwao, wakaingia baadaye, 1936.

Pwani yetu ulikuja na Waingereza na jamaa wa Kihindi. Enzi za ukoloni klabu zilikuwa za rangi: Mzungu kwake, Mhindi kwake, na Mwafrika akiingia aghlabu ni kwa kazi. Kwa hiyo yule kaka hakuitoa hewani kauli yake, ila amechanganya aliyekuwa na ukumbi na mwenye mchezo. Mbona shirikisho la Afrika la mchezo huu lilizaliwa Dar es Salaam, Agosti 1977? Na mwaka 1992 Barcelona, mara ya kwanza mchezo kutolewa medali za Olimpiki, dhahabu zote 4 zilikwenda Indonesia na Korea Kusini. Wenye jumba lao hawakuambulia hata moja.

Jana mama kanipa mabaki ya uzi wa sufu wa kufumia. Nimekaa barazani nasokota mpira. Dogo kajifanya hanioni, lakini uzi ulipojifunga mafundo ni yeye aliyekuja kuufungua, kisha akauliza kusi litapungua saa ngapi.