Uchakataji wa sauti katika vifaa vya kusaidia kusikia

Uchakataji wa sauti ni kazi ya chipu iliyomo ndani ya kifaa cha kusaidia kusikia: huigeuza sauti ya maikrofoni kuwa tarakimu, huirekebisha kulingana na usikivu alioupoteza mvaaji, kisha huirudisha sikioni. Yote hukamilika katika milisekunde chache. Sauti ikichelewa zaidi, mvaaji husikia maneno yake mwenyewe kama mwangwi. Vifaa vya kwanza vya sikioni vilivyokuwa vya kidijitali kikamilifu, Senso ya Widex na DigiFocus ya Oticon, kampuni mbili za Denmark, viliingia sokoni mwaka 1996.

Mzee hupoteza kwanza masafa ya juu. Lori likipita analisikia, ila s, f na sh zinampotea, naye hulalamika kwamba watu wanamung'unya maneno. Kumpazia kila sauti sawasawa ni kumtesa. Kwa hiyo chipu huigawa sauti katika mikanda ya masafa na kuukuza kila mkanda kivyake: sauti hafifu hupandishwa sana, na kubwa huachwa karibu kama ilivyo.

Kutulo, mji wa Kaunti ya Mandera ulio kwenye barabara ya Wajir kuelekea El Wak, ni mahali pagumu kwa kifaa hiki. Ni nyanda kavu, na upepo ukipiga tundu la maikrofoni huleta ngurumo inayofunika maneno. Kifaa chenye maikrofoni mbili hulinganisha zinachopokea. Sauti ya mtu hufika kote ikifanana, lakini msukosuko wa upepo haufanani. Chipu ikiona tofauti hiyo hushusha masafa ya chini. Kwenye kisima cha jenereta ya dizeli hutumika mbinu nyingine. Mngurumo wa injini haubadiliki, ilhali usemi hupanda na kushuka mara kadhaa kila sekunde, basi mkanda uliotulia ndio unaopunguzwa. Kengele ya mbao shingoni mwa ngamia hugonga na kunyamaza, kwa hiyo aghalabu husalimika, na hilo ni la maana kwa mfugaji. Kwenye soko la mifugo mbinu hiyo hushindwa, maana kelele yenyewe ni usemi wa watu. Hapo msaada hutoka kwa maikrofoni za mwelekeo, mradi msemaji awe mbele na karibu.

Mluzi husikika sauti iliyokuzwa inapovuja na kurudi kwenye maikrofoni. Chipu huukadiria na kuufuta, lakini kipachiko, yaani kipande kinachokaa ndani ya sikio, kikilegea huishinda. Sikio la mtoto hukua, hivyo kipachiko chake lazima kibadilishwe mara kwa mara.

Betri za zinki huvuta hewa ili zifanye kazi, na hewa ya joto na ukavu huzimaliza mapema. Vumbi nalo huziba matundu ya maikrofoni. Kwa Kutulo, kifaa cha kuchajiwa kwa sola kina faida kubwa kuliko programu nyingi za ziada.

Mipangilio yote hutegemea odiogramu, yaani mchoro wa vipimo vya usikivu. Kenya ilianzisha vituo vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu, EARC, mwaka 1984. Mzazi ampeleke mtoto akapimwe kabla ya kununua chochote. Na sikio linalotoa usaha litibiwe kwanza hospitalini.