Mali Bila Daftari

Wengi wetu hudhani kwamba kazi ya mwanahistoria ni kujifungia ndani na kufukua karatasi kuukuu. Wiki hii nakuomba tumfuate kwenye benchi la bustani ya umma.

Bustani yenyewe ni ya Jeevanjee, katikati ya Nairobi, baina ya barabara za Moi na Muindi Mbingu. Kwa miaka mingi watu wa mji wameijua kuwa mahali pa kunyoosha miguu saa ya chakula cha mchana, kuwasikiliza wahubiri na kubishana siasa. Lakini ni wangapi waliowahi kuuliza Jeevanjee alikuwa nani?

Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856, akatajirika kwa biashara wakati reli ya Uganda ilipojengwa. Mwaka 1906 aliwapa wakazi wa Nairobi bustani hiyo, pamoja na sanamu ya Malkia Victoria. Hapo ndipo mwanahistoria anapokuna kichwa, kwani mtu huyo huyo aliyemtukuza malkia ndiye aliyeupinga hadharani ubaguzi wa serikali ya kikoloni. Sanamu peke yake haitakuambia hayo.

Mwaka 1991 ukazuka mpango wa kujenga maduka na maegesho ya magari hapo. Ilikuwa miaka miwili tu baada ya Profesa Wangari Maathai kuitetea Uhuru Park isijengwe jumba la orofa 60. Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, alisimama pamoja na wengine kuupinga mpango huo, nao ukafa. Hakuishia hapo. Alifuatilia maisha ya babu yake, na mwaka 1997 akachapisha kitabu juu yake.

Funzo ni hili: anayenyemelea ardhi ya umma hupenda sana watu waliosahau. Penye mtu wa kusema bustani hii ilitolewa na nani, lini, na kwa ajili ya nani, hawezi kuiita kiwanja kitupu.

Mwaka 2015 sanamu ya Victoria ilivunjwa kichwa. Hata anayemchukia malkia yule amepoteza ushahidi wa jinsi tulivyotawaliwa.

Basi ukipita bustanini na mwanao, msimulie. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la bustani ni sisi tunaokumbuka.