Meli Isiyo na Dohani



Ngano tunayosaga, mbolea tunayotia shambani na magari yapitayo barabarani mwetu, kwa sehemu kubwa, hufika Mombasa au Dar es Salaam tumboni mwa meli. Zaidi ya asilimia 80 ya bidhaa za biashara ya kimataifa, zikipimwa kwa ujazo, hupitia baharini. Nauli ya shehena hiyo twailipa dukani, kwa kuwa imo ndani ya bei. Gharama ya moshi wake haimo. Juma hili tuitazame historia, tuone ni nani amekuwa akiilipa.

Baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869, meli za makaa ya mawe zilizidi kuzishinda zile za matanga. Upepo haukuwa na bei, lakini haukuwa na ratiba pia. Makaa yalileta ratiba, na waliolipa kwanza ni wachochea moto, waliosukuma makaa kwa sepetu mbele ya matanuri, chini kabisa melini.

Ndipo mwezi Februari 1912 meli ya Denmark iitwayo Selandia iling'oa nanga Copenhagen kuelekea Bangkok. Ilikuwa miongoni mwa meli kubwa za kwanza kuvuka bahari kuu kwa injini za dizeli. Haikuwa na dohani; moshi wa injini, uliokuwa haba, ulitolewa kupitia mlingoti. Ilipofika London, Winston Churchill, aliyeongoza wakati huo wizara ya jeshi la majini la Uingereza, alipanda kuikagua. Aliyeitazama siku zile angeweza kudhani kwamba suala la moshi wa meli limekwisha.

Halikuwa limekwisha. Mwaka 1946 meli ya kubebea mafuta iitwayo Auricula ilionyesha kwamba injini ya dizeli yaweza kuendeshwa kwa mafuta mazito, yaani masalio yabakiyo kiwandani baada ya petroli na dizeli safi kutolewa. Mafuta hayo hayana budi kupashwa moto ndipo yatiririke, nayo yamejaa salfa. Dizeli safi ilikuwepo. Masalio yalipendwa kwa kuwa yalikuwa ya bei nafuu. Utafiti wa James Corbett na wenzake, uliochapishwa mwaka 2007, ulikadiria kwamba moshi wa meli ulisababisha vifo vipatavyo 60,000 kila mwaka, vingi karibu na pwani za Ulaya na Asia. Basi, unafuu ule ulilipiwa na mapafu ya watu wengine.

Sheria zilikuja polepole. Tangu tarehe 1 Januari 2020, kiwango cha juu cha salfa kilichoruhusiwa katika mafuta ya meli kilishuka kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5. Hata hivyo, baadhi ya wenye meli walifunga mitambo ya kuosha moshi, wakaendelea na mafuta yale yale, na mara nyingi maji machafu ya kuoshea yakarudishwa baharini. Mzigo ulihama tu.

Leo tunaahidiwa nishati mpya. Gesi asilia iliyogeuzwa kimiminika karibu haina salfa, lakini methani inayoponyoka bila kuungua hulipasha anga joto kuliko hewa ukaa. Amonia haina kaboni, ila ni sumu kwa baharia ikivuja. Methanoli iliendesha meli ya makontena Laura Maersk, iliyozinduliwa Copenhagen mwaka 2023, mji ule ule wa Selandia. Lakini methanoli nyingi duniani bado hutengenezwa kwa gesi asilia au makaa ya mawe. Mwezi Julai 2023 mataifa yalikubaliana kufikia utoaji wa sifuri halisi wa gesi joto za meli ifikapo au kukaribia mwaka 2050. Mwezi Oktoba 2025, uamuzi wa kupitisha ada ya gesi hizo ukaahirishwa kwa mwaka mmoja.

Hatusemi nishati hizi zikataliwe. Zahitajika, na zahitajika upesi. Twasema tu kwamba Selandia imetufundisha kutoridhika kwa kuona dohani haitoi moshi. Kila nishati iulizwe: imetengenezwa kwa nini, nani anaishi jirani nayo, na nani analipa? Jibu la haki ni kwamba anayefaidi shehena achangie gharama, hata kama bei ya ngano itapanda kidogo. Na hao wanaofaidi, ndugu wapendwa, ni pamoja na sisi.