Ahadi ya Siku ya Arusi



Siku ya arusi kanisani huwa ni siku ya nyimbo. Kwaya huimba bibi arusi akiingia, akina mama hupiga vigelegele, na vijana huimba njia nzima mpaka nyumbani. Lakini katikati ya nyimbo hizo kuna dakika mbili ambazo watu wote hunyamaza. Ni wakati bwana arusi na bibi arusi wanaposhikana mikono ya kuume na kutoa ahadi. Leo napenda tuitazame ahadi hiyo, kwa maana wengi wetu tumeitamka, lakini si wengi tunaojua ilikotoka.

Huko Uingereza, kabla ya Matengenezo ya Kanisa, ibada ilisomwa kwa Kilatini, lugha ambayo mkulima wa kawaida hakuielewa. Hata hivyo, ilipofika ahadi ya ndoa, Kilatini kiliwekwa kando, na wale wawili wakasema kwa lugha yao wenyewe. Ilikuwa lazima waelewe wanajifunga kwa neno gani.

Mwaka 1549 kilitolewa Kitabu cha Sala cha kwanza kwa Kiingereza, kazi ya Askofu Mkuu Thomas Cranmer. Yeye hakuitupa ahadi ile ya kale. Heri na shari, utajiri na umaskini, ugonjwa na afya, mpaka kufa: hayo yote aliyakuta. Lakini aliongeza kwamba watapendana na kutunzana. Tena, baada ya kutaja kuzaa watoto na kujiepusha na uasherati, aliandika sababu ya tatu ya ndoa, yaani wawili hao wasaidiane na kufarijiana, siku za neema na siku za taabu.

Cranmer aliyajua hayo kwa uchungu. Mwaka 1532, katika mji wa Nuremberg, Ujerumani, alimwoa mwanamke aitwaye Margarete, ingawa sheria ya kanisa ilikataza padre kuoa. Kwa miaka mingi mama huyo hakuweza kuonekana hadharani kama mke wa askofu. Mwaka 1539, wakati wa Mfalme Henry wa Nane, ilitoka sheria kali juu ya mapadre waliooa, na Cranmer akalazimika kumpeleka mkewe Ujerumani. Sheria ya kuwaruhusu wachungaji kuoa ilipatikana mwaka ule ule wa 1549. Basi aliyeandika juu ya faraja ya mume na mke alikuwa ameonja kuikosa. Mwaka 1556 alichomwa moto mjini Oxford kwa ajili ya imani yake, naye Margarete akabaki mjane.

Hapa kwetu pia ahadi hiyo ina ushuhuda. Mwaka 1844 mmishenari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa pamoja na mkewe Rosine. Haukupita muda mrefu, homa kali ikawashika. Mwezi wa Julai Rosine alifariki, na mtoto wake mchanga akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa. Kaburi lao liko upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Mama yule alikuwa amemfuata mumewe hadi nchi ya ugeni, akakaa naye mpaka mwisho.

Ndugu msikilizaji, angalia kwamba ahadi hii iliyataja mabaya kabla hayajafika. Haikusema, "Nitakaa nawe mambo yakiwa mazuri." Mke akipooza, mume akifutwa kazi, watoto wasipopatikana, hapo ndipo maneno yale huanza kazi yake. Wala usiitumie ahadi hii kumfunga mwenzako peke yake. Mume anayempiga mkewe, akamwambia avumilie kwa sababu aliapa, na akumbuke kwamba yeye naye aliapa kupenda na kutunza. Ameivunja ahadi yake, na inampasa atubu.

Nabii Malaki, katika sura ya pili, anatukumbusha kwamba Bwana mwenyewe ni shahidi kati ya mtu na mke wa ujana wake. Wageni wa arusi walikula pilau wakaenda zao. Shahidi huyu hakuondoka. Anajua ulichosema, naye yu tayari kukupa nguvu za kukitimiza.

Basi jioni ya leo, watoto wakishalala, mwulize mwenzako, "Je, unakumbuka tuliyoahidiana?" Yasemeni tena pamoja, polepole, mkiyaelewa.

Na tuombe. Ee Bwana, wewe huvunji agano lako. Uwatie nguvu waliochoka katika ndoa, uwafariji wajane, na utufundishe kutimiza tuliyoyatamka mbele zako. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.