Taarifa za Zimamoto na Uokoaji: Umuhimu wa Kuzikusanya na Kupashana kwa Utaratibu Mmoja

Kazi ya kuokoa maisha na mali huanza pale mwananchi anapopiga simu ya dharura namba 114 na kueleza alichokiona. Kuanzia hapo, kila hatua hutegemea taarifa: gari gani litoke, lipite njia ipi, maji yatapatikana wapi, watu wangapi wamenasa na taasisi ipi nyingine iitwe. Taarifa hizo zikikosewa, zikichelewa au zikieleweka tofauti na kila anayezipokea, vifaa na askari hodari huweza kufika mahali pasipo sahihi au wakati usiofaa.

Kwa sababu hiyo, huduma za zimamoto na uokoaji duniani zimekuwa zikijielekeza katika kuweka utaratibu mmoja wa kukusanya, kuandika na kupashana taarifa za operesheni. Makala haya yanaeleza maana ya utaratibu huo na umuhimu wake, yakichukua mfano wa Wilaya ya Misungwi, mkoani Mwanza.

Msingi wa kisheria

Kabla ya kuundwa kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, huduma za kuzima moto ziliendeshwa na mamlaka za serikali za mitaa. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji Na. 14 ya mwaka 2007 iliweka msingi wa kuzileta huduma hizo chini ya Jeshi moja, ambalo lipo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Amri ikitoka mahali pamoja, ni rahisi pia kuwa na fomu moja, istilahi moja na daftari moja la matukio.

Hata hivyo, maafa hayashughulikiwi na Jeshi hilo peke yake. Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022 inaweka kamati za usimamizi wa maafa kuanzia ngazi ya taifa hadi kijiji na mtaa. Katika tukio moja huweza kukutana askari wa Zimamoto, Polisi, watumishi wa afya, viongozi wa kijiji na wananchi wa kawaida. Wote hao wanahitaji kuelewana kwa haraka.

Mafunzo kutoka Ziwa Victoria

Historia ya ziwa hilo inaonesha thamani ya taarifa moja inayoonekana ndogo, yaani idadi ya watu waliomo katika chombo.

Meli ya MV Bukoba ilipozama Mei 21, 1996 ikikaribia Mwanza, mamia ya watu walipoteza maisha. Hapakuwa na orodha ya abiria wa daraja la tatu, hivyo hesabu kamili ya waliokuwemo haikuweza kuthibitishwa. Miaka 22 baadaye, Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe. Kivuko hicho kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101, lakini waliofariki walizidi 220 na waliookolewa walikuwa 41. Waokoaji walianza kazi bila kujua kwa hakika wanatafuta watu wangapi.

Hali ilikuwa tofauti Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani karibu na Uwanja wa Ndege wa Bukoba. Ilifahamika kwamba ndani yake mlikuwa na watu 43. Wavuvi walitangulia kufika na kuanza kuwatoa abiria; watu 24 walinusurika na 19 walifariki. Kwa kuwa idadi ya waliokuwemo ilijulikana, iliwezekana kuthibitisha kwamba kila mmoja amepatikana. Kwa familia inayosubiri ufukweni, uthibitisho huo ni jambo kubwa.

Taarifa za kabla, wakati na baada ya tukio

Taarifa za kabla ya tukio hukusanywa wakati wa ukaguzi wa kinga na tahadhari za moto katika majengo, viwanda, shule, masoko na vituo vya mafuta. Zinahusu njia za kuingilia na kutokea, mahali pa kuzimia umeme, kemikali zilizohifadhiwa, idadi ya watu wanaolala humo na chanzo cha maji kilicho karibu. Taarifa hizi huwa na manufaa kamili pale zinapomfikia askari anayepanda gari usiku kuelekea kwenye jengo hilo. Zikibaki katika jalada la ofisi ya ukaguzi, haziwezi kumsaidia.

Taarifa za wakati wa tukio huanzia kwenye simu. Mpokeaji huhitaji kuuliza maswali yaleyale kwa mpangilio uleule: tukio liko wapi, ni la aina gani, lina hatari gani, njia ipi inapitika, watu wangapi wameathirika na nani tayari amefika. Kikosi cha kwanza kikifika hujibu maswali hayohayo kwa redio, ili kila anayepokea ajue kilichobadilika.

Taarifa za baada ya tukio ni ripoti ya chanzo, muda, vifaa vilivyotumika, walioathirika na hasara. Zikiandikwa kwa mfumo mmoja katika wilaya zote, zinaweza kulinganishwa na kuonesha mahali panapohitaji kituo, gari au elimu kwa umma.

Lugha nayo huhitaji kuwekwa sawa. Anayesema "saa mbili" bila kutaja asubuhi au usiku, na ripoti nyingine ikaandika 20:00, huweza kuleta mkanganyiko katika kumbukumbu. Vilevile, neno "majeruhi" lisipokuwa na maana moja, mtu aliyetolewa akiwa hai kisha akafariki hospitalini anaweza kuhesabiwa mara mbili au asihesabiwe kabisa.

Misungwi: njia kuu, daraja, reli na ziwa

Wilaya ya Misungwi inaonesha wazi haja hiyo. Barabara kuu ya Mwanza–Shinyanga inapita humo, na Usagara ndipo inapochepuka barabara ya kuelekea Sengerema na Geita. Huko Fela, Juni 14, 2021, liliwekwa jiwe la msingi la reli ya kisasa ya Mwanza–Isaka yenye urefu wa kilomita 341. Huko Ihelele kipo chanzo cha maji ya Ziwa Victoria yanayosafirishwa hadi Shinyanga na Kahama. Aidha, Juni 19, 2025 lilizinduliwa Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa takribani kilomita 3, linalounganisha Kigongo upande wa Misungwi na Busisi upande wa Sengerema.

Chukulia kwamba lori la mafuta limepata ajali juu ya daraja hilo. Anayepiga simu akisema tu "darajani Kigongo", mpokeaji bado hajui gari liko karibu na upande upi wala lilikuwa likielekea wapi. Majibu hayo ndiyo yanayoamua kikosi kipitie Misungwi au Sengerema, magari yazuiwe wapi na boti ziwekwe tayari upande gani. Endapo wilaya hizo mbili zinatumia ramani moja, majina yaleyale ya sehemu za daraja na fomu ileile, dakika za kuulizana zinapungua.

Mfumo wa Anwani za Makazi, unaotambua nyumba na barabara kwa namba na majina, ni nyenzo muhimu katika kazi hii. Mahali ambapo jina la mtaa ni jipya na wenyeji bado wanatumia la zamani, inafaa majina yote mawili yawemo katika kumbukumbu za mpokea simu.

Uzoefu wa nchi nyingine

Nchini Marekani, mioto mikubwa ya California ya mwaka 1970 ilidhihirisha kwamba vikosi vilivyotoka taasisi tofauti vilitumia istilahi na mawasiliano yasiyooana. Kutokana na hali hiyo ulibuniwa mfumo wa pamoja wa kuongoza matukio, ambao baadaye ulienea katika nchi nyingi. Nchini Uingereza, uchunguzi wa moto wa jengo la Grenfell, London, uliosababisha vifo vya watu 72 mwezi Juni 2017, ulibaini upungufu katika kufikisha taarifa za waliopiga simu kwa waokoaji waliokuwa kwenye jengo. Ulipendekeza pia vikosi vipatiwe michoro ya majengo marefu mapema.

Mipaka ya kupashana taarifa

Majina ya majeruhi, hali zao za kiafya na picha za marehemu ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaweka misingi ya ukusanyaji na matumizi yake. Utaratibu mzuri hubainisha nani anapaswa kujua nini, ili daktari apate anachohitaji bila mambo ya mgonjwa kusambazwa mitandaoni.

Wajibu wa mwananchi

Mwananchi ndiye chanzo cha kwanza cha taarifa. Anapopiga namba 114 anashauriwa:

- kutaja kijiji au mtaa, namba ya nyumba au alama inayojulikana, kama vile shule, mnara au zahanati;
- kueleza kinachoungua au kilichotokea, na kama kuna mafuta, gesi au umeme;
- kueleza iwapo kuna watu walionasa na idadi yao, akitofautisha alichokiona na alichosikia;
- kutokata simu hadi mpokeaji amalize maswali yake;
- kumteua mtu wa kusimama barabarani na kuwaongoza waokoaji.

Wamiliki wa majengo nao wanakumbushwa kutoa taarifa za kweli wakati wa ukaguzi, na wenye vyombo vya majini kuhesabu na kuandika abiria wote kabla ya kung'oa nanga. Siku ya ajali, orodha hiyo ndiyo itakayowaambia waokoaji kama bado kuna mtu majini.